Mama wa Mlangoni na Misumari Yake Miwili

Mlango wa kanisa letu siku hizi hauna mtu. Unaingia ulivyo. Ukutani upande wa kulia bado kuna misumari miwili, mmoja juu, mwingine chini yake kidogo, na wageni hawajui ilikuwa ya nini. Wengine hutundika kofia hapo. Mimi nikipita bado navuta gauni langu kwa chini bila kufikiri, halafu naangalia kulia, na pale kulia hakuna mtu wa kuniangalia.

Tulimwita Mama wa Mlangoni. Jina lake la ubatizo wengi tulilisikia siku ya kumzika, liliposomwa mbele ya watu, na jirani yangu akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo ni nani tena?" Nilicheka. Nilicheka msibani, na nadhani hata yeye asingenikataza, ila angeniambia nifunike mdomo.

Kabla ya rashi kazi yake ilikuwa nyepesi. Huku kwetu, upande wa Nyanungu, watu walikuwa wa mahindi na ng'ombe, na kila aliyekuja kanisani alikuwa anajua avae nini. Rashi ni neno la wachimbaji. Dhahabu ikionekana mahali, watu wanakuja mbio kutoka kila upande, na hiyo ndiyo rashi. Kwetu ilionekana kwenye kilima nyuma ya shule. Baada ya muda mfupi kilima kilijaa mashimo, maturubai, mashine za kusaga mawe, mama ntilie, na vijana waliozungumza Kiswahili cha kila aina. Jumapili baadhi yao walikuja kusali. Walikuja na nguo walizokuwa nazo.

Yeye alikuwa anawasubiri.

Alikuwa mrefu. Alivaa gauni pana la kufika kwenye kifundo, juu yake koti la marehemu mumewe, miguuni gambuti nyeusi, mvua inyeshe isinyeshe. Kichwani alifunga kitambaa kikubwa kilichoshuka mpaka kikafunika masikio yote mawili, akakifunga kwa nguvu chini ya kidevu. Kwenye msumari wa juu alitundika mfuko wa shangazi kaja uliojaa khanga. Mwanamke akija na suruali, au na sketi fupi, alitolewa khanga moja, akafungwa kiunoni, akaruhusiwa. Hakuuliza jina wala unatoka wapi. Alifunga kwa nguvu kiasi kwamba wakati wa kupiga magoti ulisikia mabenchi yote yakiguna.

Khanga hazikugawiwa ovyo. Mwanamke aliyekuja akijiona alipewa ile iliyopauka, yenye tundu la makaa. Msichana mwenye haya alipewa nzuri, nyekundu, ambayo ukiivaa watu wanakusifu. Jumatatu alizifua zote kijitoni na kuzianika mbele ya nyumba yake, na sisi majirani tulipoona kamba imejaa tulijua Jumapili ilikuwa mbaya.

Kuna mtu alimuuliza kuhusu koti. Kwamba mbona anakataza wanawake suruali na yeye mwenyewe anavaa koti la mwanamume? Akajibu, "Koti halina mume wala mke. Lina baridi tu."

Nataka nisimpake sukari. Alikuwa mkali, alikuwa anachosha, na watoto walimwogopa. Lakini hakuwaonea wanawake peke yao. Kwenye mfuko huo, chini ya khanga, alikuwa na vipande vya kamba ya mkonge kwa ajili ya vijana wa mlegezo, wale waliovaa suruali chini ya makalio. Kila kijana alimwita mura, kwa lugha yetu ya huku.

"Mura, njoo. Hiyo suruali ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Mbona inakukimbia?"

Kijana alifungwa kamba kiunoni, wenzake wakimcheka, na mara nyingi wenzake ndio waliofuata.

Siku moja alikuja tajiri wa kilimani, mwenye mashimo yake, shati limefunguliwa mpaka kitovuni, mkufu unang'aa kifuani. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa tayari amesimama kumpokea, maana kanisa lilikuwa linataka bati mpya. Mama wa Mlangoni akamzuia kwa kiganja.

"Mama, hii ni fasheni," tajiri akasema.

"Na hivi ni vifungo. Havikushonwa kwa kupotea njia."

Akamfunga kifungo kimoja kimoja kutoka kitovuni hadi shingoni, yule mtu mzima amelegeza mikono kama mtoto wa chekechea anayepelekwa shule. Mwenyekiti aliangalia pembeni. Tulidhani tajiri hatarudi. Jumapili iliyofuata alirudi, amejifunga mwenyewe mpaka juu, akasimama mbele ya yule mama akisubiri kuangaliwa. Akaangaliwa. Akaingia.

Aliyempa shida kweli ni mtoto wa dada yake, aliyekuja kutembea kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, huko Kenya. Msichana mzuri, mchangamfu, suruali ya kubana. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, kwa hiyo nilisikia yote.

"Auntie, kwani iko shida gani? Kwetu tunaingia hivi hivi, na ni hii tu kanisa yetu moja. Hata kwa choir tunaimba na trao."

"Kanisa ni moja, ndiyo. Mlango si huo."

"Kwani Mungu akifika Sirari anasimamishwa na uhamiaji abadilishe nguo?"

Watu walicheka. Nilidhani atakasirika, maana mtoto alikuwa amemweza. Lakini alifikiri kwanza, khanga mkononi.

"Mungu hana shida, mwanangu. Mwenye shida ni mzee atakayekaa nyuma yako. Wa kwenu amekuzoea. Wa hapa hajakuzoea, na mimi nataka asikie mahubiri. Geuka nikufunge."

Msichana akageuka. Miezi kadhaa baadaye Mama wa Mlangoni alialikwa harusini huko ng'ambo, na aliporudi nilimuuliza kanisa lao limekuwaje. Akaniambia alikaa, na mbele yake kumejaa magoti matupu na mabega matupu, na mikono yake ilikuwa inawasha kwa kukosa khanga. "Halafu?" nikamuuliza. Akasema, kama mtu anayeungama, "Halafu nikasikia mahubiri yote. Nilishangaa sana."

Rafiki yake mkubwa alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, mama wa Kiislamu kutoka Tanga aliyeletwa kwetu na kazi ya serikali. Yeye na mtandio wake hawakuachana hata kwenye chanjo. Mama wa Mlangoni alimpenda kwa hilo, akawa anasema mbele yetu, "Huyu dini yake nyingine, lakini ningepata wa namna hii wa kushika upande wa kushoto wa mlango, ningelala usingizi." Muuguzi naye alimtania.

"Mama, mimi nafunika nywele zote, wewe unaacha kisogo na nywele za mbele ziko nje. Sasa wewe umefunika nini?"

"Masikio."

"Masikio? Kitabu gani kimesema masikio?"

"Wewe choma watoto sindano."

Sababu mimi nilikuja kuijua baadaye, na nitaeleza.

Kwanza nieleze tulivyojuana. Mume wangu alifariki kabla ya rashi, akaniacha na watoto wadogo na shamba la mihogo. Kaka yangu alipochimba shimo lake kilimani alikosa watu wa kuvuta. Mashimo mengi hayakutaka mwanamke hata asogee, walisema dhahabu inakimbia, lakini kaka yangu alikuwa na dhiki kuliko imani hiyo. Mimi na wifi yangu tukawa wavutaji. Juu ya mdomo wa shimo kuna gogo limelazwa kwenye panda mbili, lina mikono ya kuzungushia huku na huku, na kamba imezungushiwa hapo katikati. Walio chini wanajaza kiroba cha mawe, wanapiga kelele, nyinyi mnazungusha mpaka kiroba kitoke. Kazi hiyo huifanyi na gauni. Nilivaa suruali ya marehemu, nikaipunguza miguu. Watoto walikula, walirudi shule. Ndiyo kusema kamba ilikuwa mume wangu wa pili.

Jumapili nilikuwa nafungwa khanga kama wengine, na sikuwa na neno. Aliniita "wewe wa kamba." Tatizo lilikuja wazee wa kanisa walipokaa na kutoa tangazo: mwanamke yeyote anayevaa suruali, hata kama ni kilimani, hata kama ni Jumatatu, hatashiriki meza ya Bwana mpaka aiache. Mwenyekiti alilisoma polepole, akiniangalia mimi, maana tulikuwa wanawake wachache tu wa mashimo na mimi ndiye niliyekuwa mzaliwa. Nilikaa nje ya meza tangu siku hiyo. Nilikaa benchi la nyuma, wengine wakipokea, na mkate ukanipita. Aliyeachwa na mume kwa kifo anajua kuachwa kwenye meza ni kitu gani. Lakini ningeacha kamba watoto wangekula tangazo?

Nilimwendea Mama wa Mlangoni nikidhani atanitetea. Akaniambia, "Vaa gauni na khanga juu yake, vuta kamba yako, mambo yaishe. Mama zetu wamelima milima yote hii na gauni." Nikamwambia haiwezekani. Akasema atakuja mwenyewe kunionyesha inavyowezekana.

Akaja. Asubuhi, na koti, na gambuti, na mfuko wake wa khanga begani. Wachimbaji walimpisha njia, wengine wakapandisha suruali zao kabla hajawafikia. Akatufunga khanga mimi na wifi yangu juu ya suruali zetu. Mimi alinipa ile nyekundu. Halafu akasimama kwenye mdomo wa shimo, miguu imepanuliwa huku na huku, mikono kiunoni, atuangalie tunavyofanya kazi kwa heshima.

Sauti nzito ikatoka ardhini. "Shikamoo, Mama wa Mlangoni."

"Marahaba." Akageuka kushoto, akageuka kulia. "Nani huyo? Uko wapi?"

"Huku chini, mama." Alikuwa mwimba besi wa kwaya yetu, kijana mstaarabu sana.

"Chini wapi?"

"Hapo uliposimama, mama. Naomba usogee kidogo."

Akaangalia gambuti zake. Akaangalia shimo lililokuwa katikati ya gambuti hizo. Akaangalia upana wa gauni lake. Hakuruka, hakupiga kelele. Alikusanya gauni lote kwa mikono miwili, akashuka taratibu mpaka akachuchumaa kama kuku anayeatamia, na hapo ndipo akauliza:

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama. Nilifumba macho."

"Sasa ulijuaje ni mimi?"

Wifi yangu alikuwa ameuma mkono wa sweta yake.

"Kwa gambuti, mama," besi ikasema mwishoni.

Mpaka leo sijui alikuwa anasema kweli. Besi mwenyewe nimemuuliza mara nyingi, anaanza kuimba.

Tungecheka siku nzima, lakini kiroba kilikuwa tayari kimefungwa na chini walikuwa wanaita tuvute. Akasogea kando, tukazungusha. Kiroba kilipofika nusu ya njia, ncha ya khanga yangu iliingia chini ya kamba. Gogo likazunguka, khanga ikazunguka nalo, ikanivuta tumbo mpaka likagusa gogo. Ningeachia mkono, kiroba kingeshuka juu ya kichwa cha besi. Ningeendelea kuzungusha, ningeingia mwenyewe kwenye gogo. Wifi alikuwa anapiga kelele upande wake, hawezi kushika peke yake. Nilimwona Mama wa Mlangoni ameinuka. Aliushika mkono wa gogo kwa kifua chake, akainama, akauma pindo la khanga kwa meno, akalipasua. Ile khanga nyekundu, nzuri kuliko zote. Aliipasua kutoka juu hadi chini, nikatoka, tukavuta kiroba tukakitua.

Tulikaa chini wote watatu. Yeye alikuwa anahema, nyuzi nyekundu mdomoni.

"Nani alikufunga hii kitu?" akauliza.

"Ni wewe, mama."

"Huyo mtu angekuua."

Baada ya kupumzika akamuuliza wifi yangu, taratibu, kama anayeulizia dawa, walio chini wanaona nini mvutaji akivaa gauni. Wifi akamwambia. Na akivaa suruali? "Soli za viatu, mama." Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Akachukua mfuko wake, akateremka kilima bila kuaga, na nyuma tulimwona anashika gauni lake kila anapopita karibu na shimo.

Mimi nikajua nimeshinda. Jumapili nikaenda na suruali yangu, wazi kabisa. Nikafika mlangoni nikitabasamu. Akatoa khanga.

"Mama, si uliona mwenyewe kule?"

"Niliona." Akachungulia sakafuni pale mlangoni, akapiga saruji kwa gambuti. "Hapa chini kuna nani? Geuka nikufunge."

Ndivyo alivyokuwa. Lakini siku chache baadaye alienda mnadani akarudi na fungu la suruali za mitumba, akazifua, akazitia kwenye mfuko mwingine, akapigilia msumari wa pili chini ya ule wa khanga. Siku za kazi aliuchukua mfuko huo akasimama njia ya kilimani asubuhi, kwa ukali uleule. Wanawake wengi walikuwa wameanza kuvuta kamba sasa, au kusimama juu ya mashimo wakipokea mawe.

"Wewe, unaenda wapi na hiyo sketi?"

"Kazini, mama."

"Unaenda kusimama juu ya wanaume na sketi? Huna aibu? Shika hii, jistiri."

Waliokuwa wanafungwa khanga Jumapili kwa kuvaa suruali, walivalishwa suruali Jumatatu kwa kuvaa sketi, na mtu yuleyule. Wachimbaji wa kutoka mbali walidhani ni wazimu. Sisi tulijua kwamba hajawahi kuwa na akili kama wakati ule.

Habari zikafika kwa wazee. Wakamwita. Walikaa mchana ndani ya kanisa, na sisi wanawake tulikuwa nje tumejifanya tunafagia, kila dirisha lina mfagizi wake.

"Mama," mwenyekiti akaanza, "suruali ni vazi la kiume. Andiko liko wazi kwamba mwanamke asivae vya mwanamume. Wewe ndiye tuliyekupa mlango. Tangu lini mwenye mlango anagawa suruali?"

"Tangu nilipoamkiwa shikamoo kutoka ardhini."

Ufagio mmoja ulianguka. Akatoa suruali kwenye mfuko, ilikuwa na maua yaliyodariziwa kwenye mapaja. "Mwenyekiti, kama hii ni ya kiume, naomba uivae mpaka nyumbani."

"Usilete mzaha."

"Sileti mzaha. Mwenyekiti, mimi na wewe tumechunga ng'ombe pamoja. Ulikuwa na shuka moja begani, na upepo ukivuma sisi wasichana tulikuwa tunahesabu mawingu. Nani alikuita huna heshima? Hakuna. Ndiyo ilikuwa nguo. Leo ukija kanisani na ile shuka nitakufunga khanga."

Mchungaji, kijana mgeni kutoka Mbeya, alikuwa ameinamia Biblia yake lakini mabega yanatikisika. Halafu alijikaza, akamuuliza swali la kweli. Alimuuliza kama anasema basi kwamba stara haitoki kwa Mungu, inatoka kwa watu tu na mazoea yao.

Nilikuwa dirisha la karibu, niliona anavyochezea pindo la kitambaa chake karibu na sikio.

"Stara inatoka kwa Mungu, Mchungaji. Khanga inatoka dukani. Mimi nilizichanganya. Mungu ameniambia nimjali anayeniangalia, nisimtie majaribuni na nisijitie aibu. Hajaniambia yuko wapi huyo anayeangalia. Akiwa nyuma nafunika nyuma. Akiwa chini nafunika chini."

"Na kesho wakizoea kila kitu?" mwenyekiti akasema, na sauti yake safari hii haikuwa na hasira. "Macho yakizoea magoti, tufungue magoti. Yakizoea mapaja, tufungue mapaja. Utaishia wapi, mama? Tutaingia uchi, tuseme ndiyo mazoea?"

"Hapo sijui," akajibu. "Hapo kweli sijui. Ndiyo maana nasimama mlangoni, niangalie."

Sitasema mwenyekiti alikuwa mjinga. Swali lake mimi pia ninalo hadi leo.

Wakampumzisha. Ndilo neno walilotumia. Mtu mwingine akapewa mlango, kijana msafi asiyesema kitu, na Mama wa Mlangoni akawekwa benchi la nyuma pamoja na mimi. Alikuwa hana mume, watoto wake walikuwa mbali, na ule mlango ndio uliokuwa unamwamsha Jumapili. Kila hatua ikisikika nyuma shingo yake ilikuwa inataka kugeuka, anaizuia. Siku hiyo ya kwanza nilimwona mikono yake inafunga na kufungua pindo la koti, inafunga na kufungua.

Jumapili iliyofuata, wakati wa wimbo wa kwanza, mchungaji alitazama nje akaona wanawake wa kilimani wamesimama uani, wote na suruali, hawaingii. Akatoka kuwauliza.

"Tunasubiri kufungwa," wifi yangu akamwambia.

"Ingieni tu, mama zangu."

"Hivi hivi? Hapana, Mchungaji. Tunaona aibu."

Kijana wa mlango hakujua la kufanya. Mchungaji akachukua khanga kwenye msumari, akamsogelea wifi yangu, akanyoosha mikono kumzungushia kiunoni, akagundua mikono yake inaelekea wapi, akasimama. Kanisa zima lilikuwa limegeuka kuangalia. Masikio yake yaliiva. Akageuka taratibu, khanga mikononi kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, akaangalia benchi letu.

Mama wa Mlangoni hakuharakisha. Alikohoa kwanza. Alifunga koti. Alitembea na gambuti zake, pu, pu, pu, mpaka mlangoni, akamnyang'anya mchungaji khanga, akasema, "Geuka nikufunge." Wifi akageuka.

Hakuna kikao kilichomrudisha. Alirudi tu. Na lile tangazo la meza halikufutwa, ila halikusomwa tena, na mkate ulipopita siku hiyo ulisimama kwangu. Niliupokea nikiwa nimefungwa nusu ya khanga nyekundu. Nusu nyingine alikuwa ameifanya kitambaa cha kufutia mabenchi.

Sasa masikio. Aliniambia kijitoni, tukimsaidia kufua. Mama yake mzazi alikuwa wa wakati wa ngozi. Alivaa ngozi ya ng'ombe iliyopakwa mafuta, na masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa tangu usichana, yakaning'inia na shanga na pete za chuma. Mwanamke aliyeolewa hakuonekana na masikio matupu. Walipompeleka kubatizwa wakamvisha gauni refu la kumfikia miguuni, mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni. Alilipenda. Halafu wakamwambia avue vya masikioni. Alitoka kanisani na lile gauni, amefunikwa kuliko siku yoyote ya maisha yake, akatembea mpaka nyumbani amejiziba masikio kwa viganja, analia, kwa sababu alikuwa uchi mbele za watu. Binti yake mdogo alikuwa anatembea nyuma yake, amebeba ngozi.

"Na wewe, mama?" nilimuuliza. "Wewe si ulizaliwa watu wameshaacha?"

"Mimi walinitoboa, halafu ndiyo wakaacha." Akakamua khanga. "Wewe wa kamba, fua."

Rashi iliisha kama zinavyoisha. Dhahabu ikasikika upande mwingine, Serengeti huko, karibu na Kenyamonta, na vijana wakahamisha maturubai. Mashimo yakajaa maji. Mwimba besi alirudi kulima. Wanawake wa suruali walipungua mlangoni, na wale waliobaki walijifunga wenyewe. Yeye aliendelea kusimama, kwanza na fimbo, halafu na kiti, halafu Jumapili moja kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta kituo cha afya. Muuguzi wa Tanga alikuwa zamu. Walikuwa wamemvisha gauni la wagonjwa, lile jepesi lililo wazi mgongoni mote, linafungwa kwa kamba moja shingoni. Shuka lilikuwa limechafuka, limepelekwa kubadilishwa, na kitambaa chake kilikuwa kimeloa homa kimeanikwa nje. Alikuwa ameketishwa pembeni ya kitanda ili anywe uji. Mgongo wake ulikuwa wazi mpaka chini, mifupa yote inaonekana, na pande mbili za kichwa yalikuwa yamening'inia masikio yake, marefu, membamba, matupu. Sikuwahi kuyaona. Nilitazama ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa kamba." Hakugeuka. "Nje kuna nani?"

Nje walikuwa wamekuja wazee wa kanisa. Nilimsikia mwenyekiti barazani akivua kofia, akibisha, "Hodi humu?" Muuguzi akawaambia wasubiri kidogo, akakimbilia shuka.

Nilikuwa na khanga moja tu, niliyojifunga. Nikaifungua. Kitanda kilikuwa kinaangalia dirisha na mlango ulikuwa nyuma yake, kwa hiyo nilimzungushia kiunoni nikaanza kuipandisha mgongoni. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Masikio kwanza," akasema.

"Mama, mgongo uko wazi wote."

"Masikio."

Nikaitoa kiunoni. Nikamfunga kichwani kama alivyokuwa anajifunga mwenyewe, nikashusha pande mbili mpaka chini, nikakaza fundo chini ya kidevu kwa nguvu kama alivyokuwa anatukaza sisi. Aliligusa fundo. Akanyoosha shingo.

"Hodi tena," mwenyekiti akasema.

Nikavuta kiti kilichokuwa kando ya kitanda, nikakiweka nyuma ya mgongo wake, nikakaa kati yake na mlango.

"Karibuni," akawaambia.